Tuhame Dar twende Tanga, au tumechoka na foleni tu?

*"Mshauri, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata Segerea. Tumepanga vyumba viwili na sebule kwa 350,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mpigo. Mume wangu ni karani kwa wakala wa forodha pale bandarini, analeta nyumbani 850,000 baada ya makato, na amechangia NSSF miaka 12. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, mwezi wa kawaida napata kama 400,000. Mdogo wangu aliyeolewa Tanga ananiambia nyumba kama yetu huko ni 150,000 na kila kitu ni nafuu. Mume anasema tukihama bora Morogoro, maana atakuwa anakuja kazini kwa treni. Mkubwa yuko darasa la sita. Mdogo ana miaka mitano, alifanyiwa upasuaji wa moyo na tunampeleka kliniki Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete mara mbili kwa mwaka. Tuna kiwanja Chanika, tumeishia kwenye msingi, nafikiria tukiuze kigharamie kuhama. Je, nina akili, au nimechoka tu na foleni?"*

Dada yangu, unaweza ukawa na vyote viwili. Uchovu wa Dar si ugonjwa wa kufikirika. Mume anayetoka nyumbani gizani na kurudi watoto wamelala anailipa foleni kila siku, hata kama haionekani kwenye daftari lenu. Lakini nikiisoma barua yako naona swali lenyewe ni la fedha. Kila mwezi zinaingia milioni moja na robo, zinayeyuka, na mara mbili kwa mwaka mnatakiwa kutoa 2,100,000 kwa mkupuo. Unataka kujua kama Tanga itakuondolea mzigo huo. Jibu langu la leo: bado sijashawishika, na linaloamua si kodi ya Tanga. Ni mshahara wa mumeo.

Tuanze na hilo la "kila kitu ni nafuu". Mdogo wako hasemi uongo, ila anaeleza maisha ya mtu aliyekwisha kutulia pale. Hakuna mji ulio rahisi kwa kila kitu. Kinachoweza kupakiwa kwenye lori, bei yake Tanga inakaribiana na ya Dar, na pengine inazidi kidogo, kwa sababu kimepita mkono mmoja zaidi kabla ya kukufikia: sukari, nguo za watoto, dawa, mafuta ya kula, simu, vitenge. Uniti za LUKU bei yake ni moja nchi nzima, na ile kodi ya jengo inayokatwa humohumo kwenye LUKU itakufuata. Bando la intaneti halijui uko mkoa gani. Petroli na dizeli, EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi kwa kuangalia bandari mafuta yanakoshukia, na Tanga ni mojawapo, kwa hiyo tofauti ni ya shilingi chache. Kitakachokuwa nafuu ni kile kisichopanda lori: ardhi, chumba, muda wa kwenda na kurudi, na kazi ya mikono ya watu. Ongeza na vyakula vinavyotoka jirani. Machungwa ya Muheza, mboga za Lushoto na samaki wa pale pwani havijabeba gharama ya safari ndefu.

Sasa kwa nini chumba kiwe nafuu? Watu hudhani ni ukarimu wa watu wa Tanga, ambao upo kweli, lakini kodi haipangwi kwa ukarimu. Inapangwa na fedha inayoingia mjini kila mwezi na idadi ya watu wanaogombea paa moja. Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu milioni 5.38 kwenye sensa ya 2022. Jiji la Tanga halikufika laki nne. Halafu Tanga ina historia yake. Enzi za mkonge ulikuwa mji wa fedha, wenye bandari, reli na viwanda, na watu wakajenga. Kamba za plastiki zilipoingia sokoni bei ya mkonge ikaanguka, mashamba yakadorora, viwanda vingi vikafungwa. Fedha ikaondoka, nyumba zikabaki. Hiyo ndiyo nafuu anayoiona mdogo wako. Na isikupumbaze ukadhani ni ya milele: bandari imepanuliwa kwa mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 400, na bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, hapohapo Tanga. Mzunguko wa fedha ukirudi, madalali huwa wa kwanza kusikia.

Rudi kwenye ile orodha ya visivyopanda lori. Nimetaja kazi ya mikono. Hiyo ni wewe. Sababu ileile itakayokupatia Tanga dada wa kazi kwa bei ndogo na fundi wa bomba kwa bei ndogo ndiyo itakayokufanya na wewe ushone gauni kwa bei ndogo. Mteja wa Makorora, mtaa wa palepale Tanga, ana kipato cha Makorora. Atakuja, atasifia kazi yako, kisha atataja bei anayomlipa fundi wake wa siku zote, na utalazimika kuikubali au kumwacha aende. Wakati huohuo zipu, uzi, bitana na gamu ambavyo leo unavifuata mwenyewe Kariakoo kwa bei ya jumla, kule utavinunua kwa mtu aliyevifuata Kariakoo. Kwa hiyo utabanwa pande mbili, bei ya kushona imeshuka na vifaa vimepanda.

Sisemi cherehani haitalipa. Nasema 400,000 yako ni ya Dar, usiipakie kwenye Fuso ukadhani itafika ilivyo. Kitakachosafiri nawe ni wateja wanaokuamini bila kukuona: wale ambao vipimo vyao unavyo kwenye daftari, wanaotuma picha ya mshono kwa WhatsApp na kulipa nusu kwa simu. Hao unaweza kuwashonea kutoka Tanga na kuwatumia mzigo kwa basi. Kaa chini uwahesabu, majina kwa majina. Mteja wa mtaani anayepita jioni kupunguza suruali usimhesabu. Ukiona wateja wa vipimo wanakuletea zaidi ya nusu ya kipato chako, una biashara inayohamishika. Wakiwa wachache, utaanza upya, na kuanza upya kwa fundi huchukua misimu kadhaa kabla jina halijakaa mjini.

Kuhusu wazo la shemeji la Morogoro, nalielewa linakotoka. Treni ya SGR imebadilisha mambo kweli. Safari iliyokuwa inakula nusu siku kwa basi imekuwa ya chini ya saa mbili. Lakini nauli ya daraja la kawaida tangu huduma ilipoanza Juni 2024 ni 13,000 kwenda. Kwenda na kurudi ni 26,000. Kwa siku 22 za kazi ni 572,000. Kwenye 850,000 zinabaki 278,000, na bado hujalipa bodaboda ya kutoka nyumbani hadi stesheni, ambayo iko Kihonda, nje kidogo ya katikati ya mji. Hata nyumba ya Morogoro wangewapa bure, hesabu hiyo haifungi. Njia ya pili ni apange chumba Dar, aende Jumatatu arudi Ijumaa. Hapo nauli inashuka hadi kama 104,000 kwa mwezi, ila mnakuwa na nyumba mbili, majiko mawili, na watoto wa kumwona baba wikiendi. Zipo familia zinazoishi hivyo na zinaendelea vizuri. Sijaona hata moja iliyofanya hivyo ikaokoa fedha.

Hapa ndipo ninapopingana kidogo na shemeji. Kwa kazi yake, Tanga inamfaa kuliko Morogoro. Karani anayejua nyaraka za forodha anajua kazi inayofanyika kila penye bandari, na taratibu za TRA ni zilezile. Zamani pale Tanga meli kubwa zilitia nanga mbali na mizigo ikaletwa kwa matishari, jambo lililowakimbiza waagizaji wengi. Sasa kuna gati la mita 450 na meli inafunga gatini. Mawakala wapo na mzigo umeongezeka. Ila sehemu kubwa ya mizigo ya nchi bado inapita Dar, kwa hiyo nafasi ni chache na mishahara sijui kama itamfikia huo alio nao. Asikisie. Apige simu kwa watu anaofahamiana nao kikazi, au auulize uongozi wa kampuni yake kama wana mpango wa kufungua dawati Tanga. Uhamisho wa ndani ya kampuni moja ungekuwa bahati kubwa kuliko nyumba yoyote ya 150,000.

Tuziweke namba mezani, kwa makadirio yangu juu ya namba zako. Kwenye kodi mnaokoa 200,000. Nauli za mume, weka 40,000. Chakula, tuseme 40,000, tusijidanganye zaidi ya hapo. Jumla 280,000. Upande wa pili, wewe ukipoteza 150,000 tu ya kipato chako, utakuwa umebahatika. Kliniki ya mtoto: safari moja ya watu wawili kwenda Dar na kurudi, na chakula cha njiani, weka 120,000; mara mbili kwa mwaka ni 240,000, yaani 20,000 kwa mwezi. Kisha kuna kitu wahamaji wote husahau, nacho ni misiba na harusi. Ndugu na majirani wa miaka yote hawahami nanyi. Mtaitwa Dar, na kutuma mchango kwa simu hakukubaliki kila mara. Weka 40,000 kwa mwezi. Ukitoa yote hayo kwenye 280,000, mnabaki na 70,000.

Sabini elfu. Maana yake, mume akipata kazi Tanga kwa 780,000 mtakuwa palepale mlipo leo, na akipata 700,000 mtakuwa mmehamia kwenye umaskini wenye nyumba nzuri. Naongelea fedha tu. Upepo wa Raskazone na baba kufika nyumbani saa kumi na moja jioni vina thamani yake, na mnaweza kuamua kuvilipia. Lakini mjue kwamba mnavilipia.

Gharama ya kuhama yenyewe nayo ni kitu. Dalali atataka kodi ya mwezi mmoja, 150,000. Lori na vibarua, weka 700,000 mpaka mpate bei halisi. Mapazia yasiyoenea madirisha mapya, kufuli, bomba linalovuja, kitanda kilichovunjikia njiani: 350,000. Hizo 1,200,000 hazirudi, na kwa akiba ya 70,000 kwa mwezi mtazifidia kwa miezi 17. Juu yake mtahitaji 900,000 za kodi ya miezi sita mkononi. Jumla 2,100,000, sawasawa na mkupuo mmoja wa Segerea. Kwa hiyo wakati wa kuhama ni pale mkataba wenu unapoisha na fedha ya mkupuo mmeshaikusanya, badala ya kumpa mwenye nyumba. Kuhusu lori, usikodi la kwenda na kurudi. Malori yanaleta machungwa na mboga Dar kutoka mkoa huo na mengi hurudi matupu. Ulizia sokoni yanaposhusha, dereva wa lori tupu atakupa bei nyingine kabisa.

Kiwanja cha Chanika usikiuze kwa ajili hii. Ukiuza kwa haraka unauza kwa bei ya mnunuzi, na fedha ya ardhi ikishageuka kodi na nauli hairudi kuwa ardhi. Tena kiwanja hicho ni njia ya tatu ambayo hukuniuliza. Vyumba viwili na choo juu ya huo msingi, bila dari, bila rangi, vingewaondolea 350,000 yote, wakati Tanga inawaondolea 200,000. Tatizo ni umbali. Mume atakuwa anaingia bandarini kutoka Chanika kila siku, na nakubali kwamba huenda hilo likawa baya kuliko foleni anayoilalamikia sasa. Sikulazimishi. Ila kabla ya kutoa 1,200,000 zisizorudi, muulize fundi mwashi atafika wapi nazo kwenye huo msingi.

Mtoto wa darasa la sita anahitaji uangalifu wa tarehe. Watahiniwa wa darasa la saba husajiliwa NECTA mapema mwaka wa mtihani, na kumhamisha mtoto baada ya usajili ni usumbufu mtupu. Mkihama, hameni kati ya Desemba na shule kufunguliwa Januari, barua ya uhamisho ikiwa imepita kwa walimu wakuu wote wawili. Mkichelewa hapo, subirini amalize.

Kama mwaka huu haujawabana sana, ningekushauri ujaribu kabla ya kukata shauri. Una mdogo wako Tanga. Likizo ya Juni chukua watoto na cherehani ndogo, kaa kwake mwezi mzima, ushone. Pitia Ngamiani, kwenye zile barabara zenye namba, uone mafundi wangapi wamekaa barazani na wanatoza kiasi gani. Ingia hata kwa mmoja kama mteja, uulize bei ya gauni lenye bitana. Usifanye jaribio hilo mwezi wa Ramadhani. Kuelekea Idd mji ule unashona usiku na mchana, hata fundi wa kujifunza anapata kazi, utarudi na picha ya uongo. Nenda mwezi mkavu. Chukua pia nafasi hiyo kutembelea hizo nyumba za 150,000 mwenyewe, uulize majirani kuhusu maji na barabara wakati wa masika, badala ya kumsikiliza dalali.

Na mume? Umeandika kana kwamba wewe ni Tanga na yeye ni Morogoro. Nadhani yeye anaogopa kuacha kazi aliyoizoea miaka 12, na treni ni njia yake ya kukubali bila kukubali. Woga huo una msingi, na unahusu NSSF moja kwa moja. Pensheni ya uzeeni inataka michango isiyopungua miezi 180. Yeye ana 144 hivi, imebaki 36. Akihamia kwa mwajiri mwingine anaendelea na namba yake ileile ya uanachama. Akijiajiri anaweza kuchangia kwa hiari. Asichodhani ni kwamba akiacha kazi mwenyewe atalipwa fao la kukosa ajira. Aliyejiuzulu kwa hiari hana haki nalo. Kwa anayelipwa kwa mwezi notisi ni siku 28, na asiiandike kabla hajashika barua ya kazi mpya mkononi.

Yapo mambo matatu ambayo mimi siwezi kuyamaliza kwa maandishi. La kwanza ni mtoto. Kliniki ijayo mwambieni daktari wake waziwazi kwamba mnafikiria kuhama, mumuulize kama ufuatiliaji wa kawaida unaweza kufanyika Hospitali ya Rufaa ya Bombo na Dar mkaja kwa vipimo vikubwa tu, na ni dalili zipi zikitokea usiku msisubiri basi la asubuhi. Akisema mtoto abaki karibu, basi mjadala wa Tanga uahirishwe, kodi iwe nafuu isiwe nafuu. La pili, mume aende ofisi ya NSSF achukue taarifa ya michango yake mwezi kwa mwezi, kwa sababu wapo waajiri wanaokata kwenye mshahara na wasipeleke, na pengo likionekana ni rahisi kulidai ukiwa bado kazini. La tatu ni hati za Chanika: kama mna karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa peke yake, nendeni ofisi ya ardhi ya halmashauri mjue kiwanja kimepimwa au la, muuze msiuze.

Mkishapata jibu la daktari na mshahara halisi wa Tanga, niandikie tena hizo mbili tu, nitakupigia hesabu upya.